Sanduku Ambalo Castory Hakulijua

Radi ya masika iliipiga nyumba ya pampu siku ya Jumanne. Iliacha mlango, ikaacha bati, ikaacha hata ndoo yangu niliyoisahau ndani, ikaunguza kitu kimoja tu: sanduku la Castory. Watu walisikitika sana. Mimi nilisikitika kwa mdomo.

Kijiji chetu kiko upande wa Handeni, huku ambako mvua inakuja kama mgeni wa mjini, anachungulia na kuondoka. Tuna kisima kirefu, tanki moja kilimani na mabomba matatu: Bomba la Juu, la Kati na la Bonde. Maji hayatoshi kufungua yote kwa pamoja, kwa hiyo tunagawana kwa zamu, na anayegawa ni sanduku. Ni kitu kidogo, kama mkate wa dukani, kimefungwa ukutani ndani ya nyumba ya pampu, karibu na Bomba la Bonde. Lenyewe ndilo linaloiambia pampu iwake lini, na ndilo linaloamua bomba lipi lifunguke na saa ngapi. Mafundi wanaliita pielsii. Sisi tunaliita sanduku, maana ndivyo lilivyo. Mimi, Swaumu binti Rehani, nina ufunguo wa nyumba ya pampu tangu enzi za pampu ya mkono, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Ufunguo huo naufunga kwenye pindo la kanga, na nikilala unalala nami.

Sanduku lililoungua lilifungwa na Castory, fundi wa Masuguru, Korogwe mjini. Ni fundi mzuri, sitamsingizia. Ila alipomaliza kulipanga alilitia namba ya siri, akapanda pikipiki yake akaondoka na namba kichwani. Tangu siku hiyo, kusogeza zamu hata kwa nusu saa, mpaka Castory atoke Korogwe. Ramadhani iliyopita tulimwomba aje atusogezee maji ya Bonde yatoke jioni karibu na futari. Akasema kesho. Kesho yake ilichukua siku kumi na moja. Siku kumi na moja wanawake wa Bonde walipikia futari maji ya lambo, na ng'ombe walikuwa wameshaoga humo. Mimi nilisimama mbele ya sanduku, ufunguo ninao, mlango nimeufungua, na sina ninachoweza. Ufunguo wangu ulikuwa wa kufungulia nyumba ya kuangalia taa ya kijani.

Sasa radi imefanya yake. Castory akaja Ijumaa baada ya swala, ameshika kitabu chenye picha za masanduku. Kamati tulikaa barazani kwa Mzee Awadhi, mwenyekiti wetu, mtu mpole ambaye hapendi ugomvi wala jua.

Castory ni Mnyamwezi. Babu yake aliletwa Korogwe kukata mkonge, na Wanyamwezi ni watani wetu sisi Wazigua tangu mababu. Mtani unamwambia lolote na hana ruhusa ya kununa.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mtani. Umekuja kuhani?"

"Nimekuja na dawa ya msiba. Sanduku jipya, kampuni ileile." Akafungua kitabu. "Viwanda vyote vikubwa Tanga vinatumia hili. Hata mimi nikifa leo, fundi yeyote atakayekuja analijua."

"Na namba ya siri atairithi nani? Mkeo?"

Watu wakacheka. Castory naye akacheka, lakini akakaza.

"Namba ni usalama, Bibi. Asiyejua akigusa, anaharibu."

"Babu yako aliandikishwa namba kwenye mkonge. Sasa mjukuu umekuja kutuandikisha sisi."

"Afadhali babu yangu alikuwa na namba. Nyie Wazigua kiu imewakausha mpaka hesabu hamjui."

Mzee Awadhi akainua mkono kabla sijajibu. Akaniuliza, "Mama Swaumu, wewe unataka nini?"

"Nataka sanduku tutakalolifungua wenyewe. Zamu ya maji ni yetu, tunapatana wenyewe kwenye foleni ya ndoo. Kwa nini ikitaka kubadilika iombewe ruhusa Korogwe?"

"Halipo la namna hiyo," Castory akasema. "Na likiwepo, ni la kampuni isiyojulikana. Mtalia."

"Basi nitalitafuta hilo lisilojulikana."

Kamati ikanung'unika. Mzee Awadhi akapima huku na huku, akatoa hukumu yake: nikalitafute, lifungwe, lipewe muda mpaka mwezi wa Ramadhani utakapoandama. Likikosea zamu mara tatu kabla ya hapo, linang'olewa, linafungwa la Castory na namba yake ya siri, na mimi naukabidhi ufunguo kwa mtu mwenye macho mazuri zaidi. Alisema hivyo kwa upole, kama anayekukaribisha chai.

"Nakubali," nikasema. Mwatumu, jirani yangu, alinifinya paja mpaka likaota alama.

Jumatatu nikaenda Korogwe, Kwamndolwa, kwa binti mmoja anaitwa Yusta. Huyu babu yake naye ni wa mkonge, lakini yeye amesomea umeme, na anatengeneza mashine za kusaga na za kukamua. Karakana yake ni kontena lililokatwa dirisha. Nikamweleza shida yangu yote. Alinisikiliza huku akikaza skrubu, kisha akaenda nyuma akarudi na masanduku mawili yanayofanana, kila moja na kioo kidogo usoni na vitufe sita.

"Haya, Bibi. Nilinunua mzigo wa kiwanda kilichofungwa, yakaja humo. Yametoka nchi ambayo hata kwenye redio siisikii."

Nikasoma jina la kampuni. Herufi zake zilikuwa zinagombana. Kulitamka ilikuwa kama kupiga chafya.

"Umeshayafunga wapi?"

"Hapa mezani tu." Hakuzunguka. "Sitakudanganya. Handeni yote na Korogwe yote hakuna fundi anayelijua. Mimi mwenyewe nimelisoma miezi miwili. Likifa, spea ni hili la pili, na hili la pili likifa hakuna la tatu."

"Na la Castory?"

"La Castory ni zuri, Bibi. Spea zipo, mafundi wapo. Lakini halina kioo. Ukitaka kubadilisha kitu lazima uwe na kompyuta, na programu ya kampuni, na waya wake. Hili unabadilishia hapahapa usoni."

"Namba ya siri?"

"Mkitaka mnaweka. Msipotaka hamweki."

Nikavaa miwani. "Nionyeshe ndani."

Akaliwasha. Kwenye kioo ikatokea michoro kama ngazi iliyolala, ukuta huku na ukuta huku, na vipago katikati. Yusta akanielekeza kwa kucha: umeme unatoka ukuta wa kushoto unataka kufika wa kulia. Njiani kuna milango. Huu ni mlango wa tanki: tanki likipungua, unafunguka. Huu wa kisima: kisima kikiwa na maji, unafunguka. Huu wa kitufe chekundu: kama hakuna aliyekibonyeza, uko wazi. Milango yote mitatu ikiwa wazi, umeme unapita, pampu inawaka. Mmoja ukifungwa, hakuna kupita.

"Masharti matatu tu?" nikamwuliza. "Mama mkwe wangu alinipa tisa, na hakunichorea."

Yusta akacheka mpaka skrubu ikamponyoka. Nikamwambia anipishe, aende akanywe chai, na asirudi mpaka nimwite. Nikabaki na lile sanduku. Nilikosea mara nne, mara moja likanililia kama kifaranga, lakini Yusta aliporudi taa ya kujaribia zamu ilikuwa inawaka kwa dakika tatu badala ya tano, kama nilivyotaka. Mimi, wa darasa la saba la zamani, nililiambia jambo likatii. Miaka yote ile sanduku la Castory sikuruhusiwa hata kulifuta vumbi.

"Nachukua yote mawili," nikasema. "Lisilojulikana tutalijua. Lile tunalolijua halitaki kutujua sisi."

Alikuja akalifunga siku mbili baadaye. Akapanga zamu: Juu saa moja mpaka saa tatu asubuhi, Kati saa tatu mpaka saa tano, Bonde saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni. Akaniachia daftari alilochora vitufe vyote. Wiki nzima maji yakatoka kwa adabu, nami nikapita mabomba yote matatu nikitembea polepole ili watu wapate muda wa kunisifu.

Halafu wanawake wa Bonde wakaomba zamu yao ianze mapema, saa nane mchana, wapate kupika kabla ya giza. Wakapatana na wa Juu na wa Kati palepale kwenye foleni. Nikafungua daftari la Yusta, nikabonyeza, nikaandika nane. Ilichukua muda mfupi kuliko kumenya kitunguu.

Kesho yake saa mbili asubuhi Bomba la Bonde likafunguka lenyewe, hakuna mtu, hakuna ndoo. Maji yakamwagika kwenye mahindi ya Mwatumu, mbuzi wakanywa mpaka wakachoka, na Bomba la Juu likabaki linadondosha matone mbele ya watu arobaini. Saa nane mchana, ndoo za Bonde zimepangwa mpaka barabarani, bomba kimya.

Mnajua kosa. Mashine zote zinahesabu siku kuanzia usiku wa manane, na saa nane yetu ya mchana kwao ni kumi na nne. Na mimi nalijua hilo! Simu yangu ya kitochi ikiandika 14, nasoma saa nane bila kufikiri. Lakini jicho linasoma, na kidole kinaandika kile mdomo unachosema, na mdomo wangu umesema saa nane kwa miaka sabini na moja.

Nikampigia Yusta. Akasema, "Ongeza sita, Bibi. Kila saa ongeza sita." Nikaongeza, yakaenda sawa. Mzee Awadhi akachora mstari mmoja kwenye daftari la kamati.

Siku ya tisa baada ya hapo nikaenda kuzika Kwashemshi, nikamwachia Mwatumu ufunguo na onyo: ongeza sita. Wa Juu wakamwomba asogeze zamu mpaka saa mbili asubuhi. Mwatumu akatawadha, akasema bismillahi, akaandika mbili. Asubuhi tanki lilikuwa jeupe ndani kama sahani iliyolambwa, maji yote yamekwenda wakati kijiji kimelala. Niliporudi nilimkuta ameketi kwenye kizingiti changu.

"Nilikumbuka sita," akasema. "Nilikumbuka nilipofika nyumbani."

Mstari wa pili. Mzee Awadhi, kwa upole wake, akaagiza pia kwamba sanduku litiwe namba ya siri, watu wasiwe wanaligusagusa. Nikatia siku hiyohiyo. Mimi ni mtu wa kutii.

Habari zikafika Masuguru haraka kuliko basi. Castory akaja na pikipiki, na sanduku lake jipya amelifunga nyuma kwa mpira. Alikuwa hana haraka, na alikuwa hacheki.

"Bibi, utani tuweke pembeni. Sikuweka namba ya siri ili niwatese. Niliweka kuwakinga na nyie wenyewe. Umeona? Wewe umekosea, aliyefuata amekosea, na wa tatu atakosea. Siyo ujinga. Ndivyo tunavyohesabu saa hapa. Mwacheni mtu mmoja aliyezoea afanye."

Ilinichoma, kwa sababu haikuwa uongo. Nikaona kamati inaanza kumwitikia, nikamwambia mwenyekiti anipe mpaka kesho mchana. Nikachukua jembe nikaenda kwenye mihogo yangu, nikapalilia kwa hasira matuta ambayo hayakuwa na majani. Kila mtu ataongeza sita. Mwatumu aongeze, nami niongeze, na atakayeshika ufunguo nikishakufa aongeze sita mpaka naye afe. Kijiji kizima kijikunje kwa ajili ya kitu chenye ukubwa wa mkate! Sasa nilikataa sanduku la Castory ili nini?

Nikasimama. Nikamwita Yusta kwenye simu nikiwa palepale, jembe begani.

"Mwanangu, hili sanduku linajuaje ni saa ngapi?"

"Tuliliambia, Bibi. Siku ile niliyolifunga, niliandika saa."

"Kwa hiyo linaamini linachoambiwa."

"Ndiyo."

"Nikilirudisha nyuma masaa sita, litaumwa?"

Nikasikia mashine zake zinanguruma. Kisha akaanza kucheka, cheko la kupanda taratibu.

"Halitaumwa, Bibi. Lenyewe halijui jua liko wapi. Ila zile zamu zilizomo zirekebishe upya. Na uchague saa zote ziwe za mchana, maana baada ya kumi na mbili jioni litaendelea kumi na tatu."

"Bomba la usiku nani anataka? Fisi?"

Kesho yake mchana kamati nzima ilikuwa kwenye nyumba ya pampu, na foleni ya ndoo nje, na Castory mlangoni na sanduku lake kwapani kama mtu anayesubiri kukalia kiti cha mwenzake. Zamu za zamani nilikuwa nimezifuta kabla ya saa nane ili nizipange upya, ndiyo maana Bonde walikuwa bado wanangoja maji. Nikalifungua sanduku langu mbele za watu. Kioo kikaonyesha 14:31. Nikabonyeza, nikabonyeza, nikaandika 08:31.

"Saa nane na nusu na dakika moja," Mzee Awadhi akasoma kwa sauti, akashtuka mwenyewe. Akatazama saa yake ya mkononi. "Ni kweli."

"Bibi!" Castory akaingia ndani. "Haijawahi kuonekana duniani. Sanduku hili sasa tarehe yake itabadilika saa kumi na mbili asubuhi!"

"Na wewe siku yako unaianza saa ngapi? Unaamka usiku wa manane ukapige mswaki?"

"Fundi yeyote akija atachanganyikiwa!"

"Fundi yeyote akija ataniuliza. Miaka yote tumewauliza nyie."

"Ni saa ya uongo hiyo."

"Ya uongo kwa nani? Toka nje, muulize yeyote kwenye foleni ni saa ngapi. Atakayekwambia kumi na nne, nakupa ufunguo na kanga yenyewe."

Hakutoka. Lakini Castory si mjinga, alikuwa na lake.

"Wewe utaweza, Bibi. Umeshalizoea. Nichague mimi mtu, ambaye hajawahi kuingia humu. Aweke zamu mbele yangu. Akikosa, ni mara ya tatu."

Mzee Awadhi akanitazama. Mwatumu akanifinya paja, palepale pa zamani. Nikasema, "Chagua."

Akapita foleni yote akiwakagua kama mnunuzi wa ng'ombe, akamleta Husna. Husna ana mtoto mgongoni na ndoo mbili, na kuhusu umeme anajua kwamba unakatika. Nikamwonyesha kitufe cha kuongeza, cha kupunguza na kile kikubwa cha kukubali, basi. Castory akamwambia, "Haya, maji ya Bonde yatoke saa tisa kasorobo."

Husna akatazama kioo. Akatazama vidole vyake. Nilitaka kumsaidia, ulimi ukanivimba mdomoni, nikauuma. Alikwenda polepole: nane. Kisha arobaini na tano. Akabonyeza kile kitufe kikubwa, akarudi kwenye ndoo zake kama mtu aliyetoka kusalimia.

Tukasubiri. Castory ameshika simu yake. Mimi nimeshika pindo la kanga, ufunguo umeniachia alama kiganjani. Kioo kikasema 08:43. Kikasema 08:44, kikakaa hapo muda mrefu kuliko dakika nyingine zote nilizowahi kuishi.

Tak.

Vali ikafunguka. Bomba likakohoa mara mbili, likatema kutu, likatoa. Wanawake wakapiga vigelegele, na ndoo ya kwanza ikaanza kulia ile sauti yake ya kujaa.

Mzee Awadhi akafunga daftari lake, mistari ni miwili ileile. "Ufunguo ubaki ulipo," akasema, akaenda kutafuta kivuli.

Castory aliweka sanduku lake chini. Akasogea kwenye kioo, akainama, akabonyeza kitufe kuingia kwenye ile ngazi. Kioo kikamkatalia.

"Lina namba ya siri?" akaniuliza.

"Lina. Mwenyekiti aliagiza."

"Ngapi?"

"Ah, mtani. Namba ni usalama."

"Bibi."

"Asiyejua akigusa, anaharibu."

"Bibi Swaumu, nakuomba."

Nikageukia mlangoni. "Jamani! Fundi anauliza namba ya siri!"

Foleni nzima, kutoka Husna wa mbele mpaka yule bibi wa mwisho kule barabarani asiyesikia vizuri, wakaitikia kwa pamoja: "Moja, mbili, tatu!" Juu, Kati, Bonde. Watoto wanairukia kamba.

Castory akacheka sasa, kicheko cha mtani kabisa, akaandika namba. Ngazi ikafunguka. Alisimama pale muda mrefu anaisoma, midomo inacheza, na nikaona uso wake umebadilika, umekuwa wa mtu aliyepewa chakula asichokijua akaona kina chumvi ya kutosha.

"Huu mstari wa nne," akasema, "ungepangwa vizuri zaidi, pampu isingekuwa inashtuka ikiwaka."

"Upange. Hatujafunga."

Akanyoosha kidole kuelekea kitufe. Nikakipiga kwa pindo la kanga, upande wenye ufunguo.

"Siyo sasa. Kubadilisha sanduku ni kwa zamu kama maji. Toka nje, panga foleni, nyuma ya yule bibi."